Ratiba imejaa: ibada ya familia itaingia wapi?

Dada yangu, umeuliza utaiweka wapi ibada ya familia ilhali wewe na mumeo mnafanya kazi, watoto watatu wana masomo ya ziada, wewe umo kwaya na yeye ni mzee wa kanisa. Nakujibu kama mama aliyeishi kwa ratiba ya namna hiyo kwa miaka mingi. Ukiichukulia imani kama shughuli mojawapo inayogombea nafasi na nyingine, itashindwa kila jioni. Nyumbani kwetu tulipata nafuu tulipoifanya kuwa kipimo cha kuamulia shughuli zipi zibaki, zikiwemo za kanisani.

Tulichukua karatasi moja tukaandika kila jambo linalomtoa mmoja wetu nyumbani baada ya saa za kazi na shule. Ilipojaa, ilionekana wazi kwamba jioni zetu nyingi zilikuwa zikienda kanisani: mazoezi ya kwaya, kamati ya ujenzi, kikao, na kikao cha kuandaa kikao. Mume wangu akabaki na wajibu mmoja, nami nikabaki na mmoja, mengine tukawakabidhi wenye nafasi. Tulisemwa, nawe utasemwa.

Anayekulaumu mwelekeze kwenye Kutoka 18. Wengi huikumbuka sura hiyo kwa ushauri wa Yethro, baba mkwe wa Musa, aliyemwona Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu pia, na kwamba ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Kinachosahaulika ni mwanzo wa sura: Yethro alikuwa amekuja kumrudishia Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri. Siku ya pili yake, Musa, baba wa wana hao, alikuwa tayari ameketi kuwahukumu watu, na foleni imemzunguka.

Kuhusu ibada yenyewe, Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati za kuwafundisha watoto: mtu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aamkapo. Nyakati hizo zote zimo tayari katika siku yako. Asubuhi, watoto wetu wanapovaa viatu mlangoni, mmoja hutamka zaburi kwa moyo. Tulianza na Zaburi ya 117, ambayo ina mistari miwili tu na huisha kabla kamba za kiatu cha pili hazijafungwa. Usiku kila mtoto hutaja jambo moja la kushukuru na mtu mmoja wa kuombewa, kisha taa huzimwa. Mtoto akimwombea mwalimu aliyemkaripia, utajua mengi kuhusu shule kuliko ambayo ungeyapata kwa kumhoji.

Siku ya mapumziko inahitaji kuandaliwa. Katika Kutoka 16, Waisraeli waliokota mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, maradufu siku ya sita ili ya saba wapumzike, na amri iliyo katika Kutoka 20:10 inamtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mgeni na hata mnyama, kwa hiyo si haki familia nzima ipumzike huku mama amebaki jikoni. Kwetu, nguo za shule hupigwa pasi siku iliyotangulia, na kila anayeweza kuishika pasi hupiga zake mwenyewe. (Habari ya Martha aliyehangaika na kazi za nyumbani huku dada yake Mariamu akiketi kumsikiliza Yesu naiacha kwa makusudi, maana imetumika mno kuwasuta akina mama, aghalabu na watu wanaokisubiri chakula cha Martha.)

Masomo ya ziada yapunguzeni kwa kumsikiliza mtoto na mwalimu wake. Mara nyingi somo moja linatosha.

Ukiamua kuacha kwaya, usiache kwa ujumbe wa simu. Mwone kiongozi ana kwa ana, mweleze sababu, na uimbe nao wimbo mlioanza kujifunza hadi siku utakapoimbwa kanisani, ili watakapopungukiwa sauti, au watoto wako watakapokua, iwe rahisi kwako kurudi na kwao kukupokea.