Maswali ya Wasomaji: Banda la Kuku Wakati wa Kipupwe

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninafuga kuku wa kienyeji 40 huku Chamwino, katika banda la bati lenye kuta za wavu pande zote nne. Tangu upepo wa Juni uanze, kuku hujikusanya kona moja usiku na mayai yamepungua. Nimezungushia turubai kuanzia kwenye paa hadi chini, lakini asubuhi nakutana na harufu inayowasha macho, na bati linadondosha maji. Je, niweke jiko la mkaa? (Msomaji, Chamwino)

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usiweke jiko, na jioni ya leo uifungue sehemu ya juu ya turubai hilo. Kuku mzima mwenye manyoya kamili ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na hewa inayonaswa ndani ya manyoya yake humkinga vya kutosha na baridi ya Dodoma, ambayo usiku wa Julai kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kinachomdhuru ni upepo unaoipeperusha hewa hiyo, na unyevu.

Harufu uliyoisikia ni ya amonia, itokanayo na kinyesi kibichi. Kuku hutoa maji mengi kwa pumzi na kwa kinyesi. Ulipoziba kila upenyo, mvuke ulikosa njia, ukagota kwenye bati lililopoa na kurudi chini kama matone. Amonia huchubua macho na njia ya hewa, na hapo ndipo mafua hupata mlango.

Upepo wetu wa kipupwe huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukuta wa mashariki uzibe wote, ikiwezekana kwa matofali ya udongo, na wa kusini uzibe hadi juu ya vichwa vya kuku waliolala kwenye vichanja. Upande wa kaskazini na wa magharibi, acha ukanda wa wavu wa shibiri moja au zaidi chini ya paa, nao usifungwe hata usiku wa baridi kali. Kisha, upepo ukivuma, shika utepe mwembamba wa nailoni usawa wa vichanja: ukipepea, tafuta tundu linalouingiza upepo, hasa chini ya mlango, ambako wengi husahau.

Ondoa matandazo yaliyolowa, hasa kuzunguka vyombo vya maji, kisha tandaza maranda au makapi ya mpunga, ambayo hupatikana kwenye mashine za kukoboa za Bahi, kwa kina cha sentimita 10 hivi, na uyageuze mara kwa mara. Kuhusu mayai, urefu wa mchana hapa kwetu haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo mimi ningeanza kwa kuangalia chakula: kuku anayepambana na baridi hutumia nguvu ambayo ingeingia kwenye yai. Mwongezee mtama au mahindi jioni, kabla hajapanda kulala.

SWALI: Je, vifaranga nao wasiwekewe jiko? (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Hao wanahitaji joto, kwa kuwa manyoya yao ya awali hayawakingi: nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, ukipunguza takribani nyuzi 3 kila wiki. Taa ya umeme ni salama zaidi. Ukitumia mkaa, uwashie nje hadi moshi uishe, uzungushie jiko wavu, na uache tundu la hewa juu, kwa sababu mkaa uliokolea huendelea kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuwaua vifaranga na hata mlezi wao. Wakirundikana karibu na jiko wanahisi baridi. Wakilikimbia huku wamekunjua mabawa na kuhema, joto limezidi.