Kioo Kiweke Kando

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 22, naishi Chang'ombe hapa Dodoma, naigiza na kundi la mtaani. Mistari naikariri yote, na mbele ya kioo najipangia pa kushusha mkono na pa kudondosha chozi. Lakini tukirekodi, mwongozaji ananiambia, "Unaigiza, sikuamini." Sini yenyewe, yaani kipande tunachoigiza, namwambia mama kwamba nimeuza shamba letu la zabibu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mistari endelea kuikariri. Kioo ndicho nakuomba ukiache, maana kinakuzoesha kujitazama, na anayejitazama hamsikii mwenzake.

Nilipokuwa kijana niliigiza mjane. Nilishapanga: nikifika kwenye neno "kaburi", nalia. Siku ya onyesho, aliyeigiza shemeji yangu akanipa kanga, ikamponyoka. Tukainama wote wawili kuiokota, akaninong'oneza, "Pole." Neno hilo halikuwamo kwenye mchezo. Machozi yakanitoka palepale, na kamasi juu, kaburi lenyewe bado liko mbali. Sikuyaita. Nilikuwa namsikiliza tu.

Sanford Meisner, aliyefundisha uigizaji New York, aliwataka wanafunzi wakariri maneno makavu, bila mahadhi, ili sauti ije kutokana na anachofanya mwenzako. Zoezi lake mashuhuri mnaliweza hata chini ya mti: wawili mnatazamana, mmoja anasema anachokiona, "Una vumbi kwenye kope." Mwingine anarudia, "Nina vumbi kwenye kope." Mnaendelea hivyo hivyo, wala msilazimishe kubadilisha. Ghafla mmoja atacheka au atakereka kwelikweli, na maneno ni yale yale. Hicho kilichokuja chenyewe ndicho mwongozaji wako anachokitafuta. Watazame akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma yao ya asili: ngoma ziko mapajani, macho yako kwa wenzao.

Basi nenda kwenye sini ukijua jambo moja: unataka nini kwa huyo mama. Msamaha? Akufukuze, roho itulie? Chagua, halafu chozi usilipangie. Mama naye mpeni ungo wa karanga amenye. Ukitamka "shamba", tazama vidole vyake. Vikisimama, utajua la kufanya. Vikiendelea kumenya kama hajasikia, mwanangu, hapo usiongeze neno. Kaa naye.