Gari Ikilia Kwenye Kona, Usikimbilie Dukani

Mwaka jana gari yangu ilianza kulia. Haikuwa kila wakati. Kichochoro cha kutokea kwetu Fuoni, Unguja, kinataka ukate usukani mpaka mwisho, na hapo ndipo nilipokuwa nikisikia ka-ka-ka-ka, kama mtoto anayepitisha kijiti kwenye fito za uzio. Nikinyoosha usukani, kimya.

Fundi wa kwanza hakuingia hata ndani ya gari. Aliisukuma kwa kiganja mara mbili mbele, akasema, "Shokapu hizo, bosi." Nikanunua mbili, zikafungwa, nikalipa. Asubuhi yake, kichochoro kile kile: ka-ka-ka-ka.

Kosa lilikuwa langu vilevile. Wiki ile, kabla ya kwenda kwa fundi, nilikwenda Paje, na pale msituni Jozani kuna yale matuta yaliyowekwa ili kima punju wavuke salama. Niliyapita yote, gari haikutoa hata mguno. Shokapu mbovu mara nyingi ingegonga palepale. Jibu nilikuwa nimeshalisikia kwa masikio yangu, nikalipita kama nilivyolipita tuta.

Aliyenitoa kwenye balaa hilo ni jirani, mzee aliyeendesha daladala tangu ujana wake. Baada ya Alasiri akaniambia, "Ilete kiwanjani, mwanangu. Zima redio, na hicho kipupwe chako kizime." Nikakata usukani wote kulia, nikawa nazunguka duara polepole kwa vioo wazi, naye anatembea ubavuni, kikoi kakipandisha magotini, sikio kalielekeza kwenye tairi. Halafu kushoto. "Kanyaga mafuta kidogo." Gari ilipovuta, mlio ukazidi. Akanisimamisha, akachutama, akapitisha kidole upande wa ndani wa rimu. Kilitoka cheusi tititi, grisi imechanganyika na mchanga. Tulipomulika kwa tochi ya simu tukauona mpira wa shafti inayozungusha gurudumu umeachama kama mdomo wa samaki changu.

Ndani ya mpira huo wenye mikunjo mna kiungo ambacho mafundi hukiita sivi jointi. Ndicho kinachoruhusu gurudumu la mbele lizunguke huku limepinda. Kwa kawaida kina gololi 6 zinazotembea kwenye mifereji iliyojaa grisi. Mpira ukichanika, grisi hurushwa nje kila gurudumu linapozunguka, na mchanga huingia badala yake. Unapokwenda moja kwa moja gololi karibu zinakaa mahali pamoja. Ukikata kona, zinakwenda na kurudi kwenye mifereji iliyokwisha kulika, ndiyo maana zinagonga, na mlio huo hufuata kasi ya gurudumu: polepole, ka… ka…; ukiongeza mwendo, unaungana.

Ukiuona mpira umechanika na gari bado haijaanza kulia, una bahati. Badilisha mpira, tia grisi mpya, umemaliza kwa pesa ndogo. Ikishaanza kulia, grisi haisaidii tena, kinachobadilishwa ni kiungo chenyewe. Njia zetu za ndani ni mchanga na mawe ya matumbawe, kwa hiyo kila gari inaponyanyuliwa kumwagwa oili, mimi sasa huchungulia ile mipira miwili.

Lakini si kila mlio wa kona ni huo. Gari ikiwa imesimama, ukizungusha usukani ikalalama, tazama oili ya stelingi na mkanda wake. Gari nyingi ndogo siku hizi zina stelingi ya umeme, hazina oili hiyo kabisa. Fundi akitaka kukuuzia, ondoka zako. Ikitoa tung! mtu aweke kiganja juu ya springi ya mbele, vidole visiingie katikati, wewe uzungushe usukani. Springi ikiruka kwa ghafla, ni beringi ya maunti, kile kishikio cha juu ya shokapu. Mvumo unaopanda na mwendo mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Kona ndefu ya kulia huulaza uzito kushoto. Mvumo ukizidi hapo, anza kushuku upande wa kushoto. Mkwaruzo kwenye usukani wa mwisho tu mara nyingi ni tairi linalogusa plastiki ya madigadi, hasa ukishafunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani.

Kishindo kizito unachokisikia mpaka mikononi, usukani nao unacheza, hapo sitanii: huenda ni boljointi, kiungo kinachoshika gurudumu, au tairodi, fimbo inayoligeuza, na boljointi ikichomoka gurudumu linalala. Usiende nayo hata sokoni, mwite fundi aje. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Nimesahau: kabla ya yote fungua buti. Shemeji yangu alihangaika siku tatu na kishindo cha kona, kumbe ni dafu lililojificha nyuma ya tairi la spea.

Kiungo changu kilibadilishwa, na kichochoro sasa nakipita kimya. Mzee hakutaka malipo. Aliomba zile shokapu zangu za zamani, akazikandamiza moja moja akizitazama zinavyorudi, akacheka. Mwanawe ana gari kama yangu; anazitumia mpaka leo.