Seva inawaka, mfumo haufunguki: je, tuunde RAID upya?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta katika chama cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Seva yetu ina diski nne za terabaiti 2 kila moja, zilizounganishwa kwa RAID 5, yaani mpango unaozifanya diski kadhaa zionekane kama moja. Juzi umeme ulikatika usiku kucha na UPS, yaani betri ya akiba, ikaishiwa chaji. Asubuhi seva iliwaka, feni zikazunguka na taa zote nne za diski zikawa za kijani, lakini mfumo endeshi haukufunguka, bali skrini ilionyesha ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kubuti, yaani cha kuanzishia mfumo. Nilipoingia kwenye mipangilio nilikuta saa inasoma Januari 1, 2012. Mwenzangu anashauri tuunde RAID upya kisha turudishe data kutoka kwenye bakapu, ambayo ilichukuliwa wiki tatu zilizopita. Je, ni sawa?

JIBU: Ndugu fundi, tafadhali mzuie mwenzako kwanza. Umelitaja jibu mwenyewe, nalo ni ile tarehe ya 2012. Kwenye ubao mama wa seva kuna betri ndogo ya mviringo, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, ambayo huiweka hai saa na, katika mashine nyingi za zamani, mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine) pia. Maadamu umeme upo, hakuna anayegundua kwamba betri imekufa. Unapokatika kabisa, mashine husahau ilivyopangwa na kurudi ilivyotoka kiwandani, huku diski zenu zikiwa salama na data yote ikiwa mahali pake.

Anza na hali ya kubuti. RAID 5 ya diski nne kama zenu huacha nafasi ya terabaiti 6, kwa kuwa diski moja huliwa na taarifa za kujikinga. Jedwali la zamani la MBR, linaloorodhesha sehemu za diski, kwa sekta za baiti 512, haliwezi kufika mbali zaidi ya takriban terabaiti 2.2, kwa hiyo, isipokuwa aliyeisimika seva yenu alitenga kisehemu kidogo kwa ajili ya mfumo, yaelekea alitumia jedwali jipya zaidi la GPT na hali ya UEFI, yaani njia mpya ya kubuti. Mashine ikirudi kwenye hali ya zamani ya kubuti, ile ya BIOS, hutafuta msimbo katika sekta ya kwanza, haioni kitu, kisha hutoa ujumbe ule ule uliouona. Rudisha UEFI, hifadhi, uwashe upya. Kama jina la mfumo wako halimo kwenye orodha ya kubuti, mashine nyingi hukuruhusu kuliongeza kwa kuelekeza kwenye faili la kuanzishia lililo katika sehemu ya diski iitwayo EFI.

Pili, angalia RAID yenyewe inasimamiwa na nani. Ikiwa ni ile iliyojengwa ndani ya ubao mama, inawezekana milango ya SATA, inakochomekwa diski, imerudi kwenye AHCI, hali inayoitazama kila diski peke yake, na hapo utaona diski nne zilizotengana badala ya moja kubwa. Hapa ndipo mafundi wengi huangamiza kazi ya miaka, kwa sababu wakiingiza flashi ya kusimikia Windows huulizwa kama diski hizo "mpya" ziandaliwe, nao hukubali. Usikubali kuandika chochote juu ya diski kabla hujarudisha hali ya RAID.

Ikiwa mna kadi ya kontrola, yaani kadi maalumu inayosimamia RAID, taarifa za safu (lile kundi la diski) huwa zimeandikwa pia juu ya diski zenyewe. Kontrola ikizitambua kama Foreign, yaani za kigeni kwake, chagua Import, wala usiguse Clear wala Initialize. Kabla ya hapo soma kumbukumbu za matukio: kama diski moja ilikwisha kuacha kufanya kazi wiki kadhaa nyuma bila mtu kujua, data iliyo juu yake ni ya zamani, na kuilazimisha irudi kazini ni kuchanganya vitabu vya miezi miwili tofauti. RAID 5 huvumilia kupoteza diski moja tu. Hakikisha pia kwamba safu hiyo ndiyo iliyoteuliwa kuwa ya kubuti.

Ukilazimika kuzichomoa diski, bandika kila moja kipande cha karatasi chenye namba ya nafasi yake. Niliwahi kuitwa mahali ambapo fundi alizitoa zote nne ili azipulize vumbi, akazipanga mezani, kisha hakuna aliyekumbuka ipi ilitoka wapi. Kontrola nyingi huzitambua hata zikibadilishana nafasi, lakini si zote.

Betri ibadilishwe seva ikiwa imezimwa, kisha piga picha kila ukurasa wa mipangilio iliyo sahihi. Mfumo ukifunguka, chukua bakapu siku hiyo hiyo, maana wiki tatu kwa chama kinachopokea amana kila siku ni nyingi mno. Hata hivyo, kabla karani yeyote hajaingia, hakikisha saa ya mfumo imerekebishwa, la sivyo rejesho la kwanza la mkopo asubuhi hiyo litaingia kwenye leja likiwa na tarehe ya 2012, na mkaguzi wa hesabu atataka maelezo.