Najua kujaza gesi, je nimeshakuwa fundi friji?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Moshi, nilimaliza form four nikaenda kukaa na fundi friji maeneo ya Mbuyuni, sasa hivi mwaka na kitu. Kujaza gesi najua, kubadilisha rilei na themostati najua, kuchomea bomba naweza ila sio sana. Kinachonisumbua ni kwamba friji nyingi tunazojaza gesi zinarudi, nyingine mwezi haujaisha, bosi anasema gesi imeisha tunaongeza tena. Nataka nifungue kibanda changu. Nimeiva au bado? Na VETA kuna ulazima?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bado hujaiva, ila umeshaanza kujiuliza kwa nini kazi inarudi na kuna watu wana vibanda vyao miaka na hawajawahi kujiuliza hilo, kwa hiyo uko pazuri.

Gesi ya friji haiishi. Sio petroli ya bodaboda useme inaungua kadiri unavyotembea. Inazunguka humo humo, kompresa inaisukuma, inapoa kwenye kondensa inageuka kimiminika, inapita kwenye kapilari, kile kibomba chembamba, inaingia kwenye evaporeta inachemka na kubeba joto la vitu vilivyomo ndani, inarudi kwenye kompresa. Mfumo ukiwa mzima gesi iliyowekwa kiwandani inakaa umri wote wa friji. Ikipungua ujue kuna mahali inatokea, na ukiongeza bila kupatafuta hapo mahali umemuuzia mteja gesi ya wiki tatu.

Sasa unapatafutaje. Kabla hujagusa mtungi zima friji, ligeuze, chukua tochi uangalie maungio yote. Gesi ikivuja inatoka na oili kidogo, kwa hiyo palipovuja vumbi linakuwa limeganda lina mafuta mafuta, ukipitisha kidole unaligundua. Halafu uliza mwenye friji, kwa upole, kama kuna mtu alitoa barafu kwa kisu. Watakataa wote lakini angalia friza utaona mikwaruzo, hizo evaporeta za alumini ni laini sana, kisu cha jikoni kinatoboa mara moja. Kama hujapaona hapo weka presha ya naitrojeni halafu povu la sabuni kila ungio na usubiri, usiwe na haraka, kuna tundu linatoa kipovu kimoja kwa dakika. NAITROJENI nasema, sio oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, oksijeni ikikutana na oili ya kompresa ndani ya presha inalipuka na hiyo sio hadithi ya kutisha watoto.

Friji nyingine zinarudi sio kwa sababu ya kuvuja, ni maji. Umefungua mfumo, hewa imeingia na unyevu wake, hukuvuta vakyum (kutoa hewa yote ndani) vizuri ukajaza gesi ukaondoka. Friji linagandisha vizuri, baada ya muda linaacha, kompresa inaunguruma kama kawaida, mteja anazima anakuja kukuita, ukifika linagandisha tena mnaonekana wote wachawi. Ni yale maji yanaganda pale kapilari inapoingilia evaporeta yanaziba njia. Linapoacha kugandisha chovya kitambaa kwenye maji ya moto kiweke pale pale, ukisikia gesi imeanza kupita ssss basi umelipata. Dawa yake ni kutoa gesi, draya mpya, kile kichujio kinachonyonya unyevu (draya ibadilishe KILA ukifungua mfumo, acha ubahili), vakyum ya kweli kisha ujaze upya. Na vakyum ya kweli inavutwa na pampu yake, sio kompresa kuukuu ya friji uliyoifunga kwenye ubao, najua wengi ndo tunachoanzia ila ikivuta chini haifiki panapotakiwa. Ukimaliza funga valvu uangalie sindano ya geji kama inarudi, ikirudi kuna tundu au bado kuna maji.

Hapa kuna kitu cha huku kwetu milimani ambacho vijana kinawachanganya. Geji imeandikwa inchi 30 chini ya sifuri ndo vakyum kamili, hiyo ni ya usawa wa bahari, Dar huko. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, hewa yetu ni nyepesi, sindano itafika kama inchi 25 basi, Moshi kwenu ambapo ni chini kidogo itafika kama 27. Nimeona mtu anatupa pampu nzima kwa sababu haifiki 30! Kama unataka uhakika tafuta geji ya maikroni, ile inayopima vakyum kwa usahihi, ushuke chini ya 500. Na ukisoma jedwali la presha na joto, Arusha geji inaonyesha kama psi 2 zaidi ya kilichoandikwa kwa joto lile lile. Kwenye AC hutaona tofauti, kwenye friji la gesi ya R134a ambalo upande wa chini linatembea kwenye psi chache tu, mbili ni nyingi.

Halafu gesi ya R600a. Friji mpya nyingi zinakuja na hiyo, soma stika kwenye kompresa kabla ya lolote. Upande wake wa chini unatembea chini ya sifuri ya geji, na fundi aliyezoea R134a akiona sindano iko chini ya sifuri anasema gesi hamna, anaongeza, anaongeza, friji linachemka linaacha kugandisha kabisa. Gesi yake ni gramu chache, kwa hiyo inapimwa kwa mizani na sio kwa macho wala kwa kusikilizia baridi kwa mkono. Na inawaka, ni ndugu wa gesi ya jikoni, toa yote nje penye hewa, pitisha naitrojeni, ndo uwashe tochi yako ya kuchomea. Wanaojaza mtungi wa jikoni kwenye friji za watu sitaki hata kuwazungumzia.

Umeme. Kazi nyingi utakazoitwa sio gesi, ni umeme, na ukijua umeme nusu ya hizo friji wala hutazifungua. Jifunze mita hadi uiote. Kompresa ina pini tatu, ukipima ya pamoja na ya kukimbia ukapata tuseme omu 12, ya pamoja na ya kuwashia 18, basi ya kukimbia na ya kuwashia lazima ije kama 30, jumla ya zile mbili, isipokuja hivyo waya za ndani zina shida, na pini yoyote ikisoma na chuma cha nje cha kompresa, hiyo kompresa imekufa. Volti pima wakati kompresa inawaka, sio imetulia, kuna mitaa saa moja jioni volti inashuka kompresa inashindwa kuamka inabaki inafanya tik, tik, na mtu ameshauziwa kompresa mpya. Umeme ukikatika na kurudi hapo hapo vile vile, presha haijasawazika, ipe dakika tatu mpaka tano. Kapasita ya AC itoe chaji kabla ya kuishika.

Kuhusu mwili na maisha, utabeba kifaa cha nje cha AC kwenye ngazi, utapanda mapaa, na mwenye bucha atakupigia saa tano usiku nyama zinaharibika na usipopokea kesho ana fundi mwingine. Arusha mwezi wa saba kwa baridi ile AC hakuna anayekuita, watu wanaishi kwa friza, mabucha, vyumba baridi vya hoteli na vya mashamba ya maua huko Usa River, ila hivyo vya mwisho ni umeme wa fezi tatu, kontakta, ekspansheni valvu, sio vya kujifunzia kwa mteja. Na AC za gesi ya R22 zinazeeka, ratiba ya nchi zinazoendelea chini ya Mkataba wa Montreal inaiondoa sokoni ifikapo 2030 ikibaki kidogo tu ya matengenezo, kwa hiyo gesi za R410A na R32 uzijue sasa, na geji za R22 usizifunge kwenye R410A, presha yake iko juu mno.

VETA nenda kaulizie mambo mawili. Kozi ya friji na AC, chuo gani cha karibu inatolewa na lini wanapokea. Na kama hela au muda hauruhusu, ulizia urasimishaji ujuzi, ule wa watu waliojifunzia mtaani, wanakupima wanakupa cheti, hoteli na maofisi wanakitaka hicho. Cheti cha friji hakikupi ruhusa ya kufunga waya za umeme za jengo, hiyo ni leseni ya EWURA. Kibanda kisubiri kidogo, hela ya kodi ya miezi ya mwanzo nunua mita nzuri, mizani ya gramu na pampu ya vakyum, kwa mfuatano huo, na friji la kwanza litakalorudi hapo kwa bosi wako muombe akuachie wewe ulitafute linavujia wapi.