Muulize Fundi: Baridi ya Marangu na Vioo Vitatu vya Uswidi

Swali: Shikamoo fundi. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu Marangu na sasa nimefika kwenye madirisha. Mwanangu anaishi Uswidi, na anasisitiza niagize ya PVC, ile plastiki ngumu, yenye vioo vitatu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kama ya kwao. Eti theluji ikianguka nje, wao ndani wamevaa fulana. Fundi wangu anacheka, anasema aluminiamu ya kusukuma inatosha. Mimi Julai hii, kwenye nyumba ya zamani, nimelala na sweta mbili na jiko la mkaa chumbani. Nimsikilize nani?
*Mama K., Marangu*

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa baridi. Kijana hajakosea, ila hesabu anayopiga ni ya Uswidi.

Chukua dirisha la mita 1.5 kwa 1.2. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha kama wati 5.8 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kwake, nje ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na ndani 21, dirisha hilo moja lingemwaga wati 320 na ushee, na hita ndiyo ingezilipa. Kwako Julai, tuseme usiku nje ni 12 na ndani 18. Zinatoka wati 63 hivi, yaani ile balbu ya zamani ya 60. Ukiweka vioo viwili zinabaki 30; vitatu vyenye gesi katikati na utando wa kurudisha joto ndani, kama 8. Kwa hiyo kioo cha tatu, pamoja na gesi na utando wake, kinakuokolea wati 22 kwenye nyumba isiyo na hita. Pesa hiyo mimi ningeipeleka kwenye silingi, maana chini ya bati tupu hata dirisha la dhahabu halikusaidii.

Lakini fundi wako naye asicheke sana. Nyumba yangu ya Ngaramtoni niliiwekea aluminiamu ya kusukuma, kwa mikono yangu mwenyewe. Upepo wa Meru ukishuka usiku, pazia lilikuwa linacheza na dirisha limefungwa! Siku moja nikachukua udi wa mke wangu, nikauwasha, nikausogeza pale vioo vinapopishana. Moshi haukupanda. Ulilala ubavu, ukakimbilia chumbani kama umeitwa. Dirisha la kusukuma haliwezi kuteleza bila kuachiwa nafasi, na kinachoziba nafasi hiyo ni vinyweleo vya brashi tu. La bawaba, ukizungusha mkono wake, linajibana kwenye mpira pande zote nne. Udi uleule niliupeleka kwenye dirisha la bawaba la jirani, na moshi ukapanda wima.

Tena aluminiamu hupitisha joto karibu mara 1,000 kuliko PVC. Ndiyo maana asubuhi ya baridi fremu inatoka jasho, maji yanashuka, plasta inaota ukungu.

Kwa hiyo, mama: PVC nyeupe, ya bawaba, inayofungukia ndani ili grili na wavu wa mbu vikae nje bila kugombana. Vioo viwili weka vyumba vya kulala; sebuleni na jikoni kimoja kinatosha. Rangi nyeusi au kahawia achana nayo, jua letu huipasha plastiki mpaka ikapinda.

Ukienda dukani beba sumaku na kiberiti. Sumaku ipitishe kwenye fremu: isiponasa, ndani hakuna chuma, na dirisha kubwa litalegea. Kiberiti kiwashe mbele ya kioo, utazame kivuli cha moto kwa pembeni. Vioo viwili vinaonyesha miali minne. Mmoja ukiwa na rangi tofauti na wenzake, basi kioo kimepakwa ule utando wa kurudisha joto ndani. Yote minne ikifanana, hakina, hata muuzaji aape.

Muulize pia vioo vilifungiwa wapi. Vikifungiwa pwani, hewa iliyomo katikati hutanuka ikipanda Marangu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na vioo vinatuna kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Wanaojua kazi huacha kijitundu cha kusawazisha hewa, wakakiziba mzigo ukishafika.

Sasa lile jiko, mama, ndilo lililonifanya barua yako niiweke juu ya nyingine zote. Nyumba ya zamani imekuvumilia kwa sababu inavuja. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na madirisha haya yanayobana hayataiachia pa kutokea. Usiku ule utakaohamia nyumba mpya, jiko lilale nje, hata makaa yakionekana yamezimika. Na fundi aache matundu ya hewa juu ya ukuta wa kila chumba, yenye wavu. Akikuambia yanapoteza joto, mwambie nimesema mimi yapotee.