Re: Supu gani kwa usiku wa mchezo wa maharamia?

Ndugu, kwa watu sita na mchezo wa maharamia mezani, pika supu ya pweza. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, chukua wa kilo mbili, mponde vizuri kabla ya kumchemsha. Maji weka kidogo, maana anatoa yake mwenyewe, na mchuzi ukishaingia ile rangi ya zambarau, nyumba nzima inanukia bahari. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi nzima isipasuke. Moto mdogo, saa nzima hivi, mpaka uma uzame wenyewe. Chumvi onja kwanza. Pweza ana yake. Ndimu mwisho. Halafu tafadhali, mkatekate vipande vidogo na mimina kwenye vikombe vyenye mkono, si bakuli. Kadi ya mchezo ikishalowa mchuzi haifai tena.